Mkono wa Askari wa Mbao

4 Juni

Baba Punje,

Hujambo huko bondeni? Sisi hatujambo, cherehani haijambo, na mama yangu ni mzima wa afya, mzima kiasi cha kunifundisha kukata kitunguu kila siku kana kwamba nilizaliwa jana. Dereva wa lori la saruji ameniambia bado anakwenda huko kwenye daraja mnalojenga kila wiki, na kwa kuwa simu zenu zimegoma kabisa kushika mtandao, basi tumerudi kwenye kalamu kama wachumba.

Nina habari. Ile Bustani ya Mabembea imefunguliwa tena baada ya matengenezo. Tangazo nimelikuta limebandikwa kwenye duka ninaponunua uzi, nikasimama kulisoma mpaka mwenye duka akaniuliza kama aniletee kiti. Vikombe vya kuzunguka vipo, vijumba vya vioo vipo, na Joka lipo, refu kuliko zamani. Wameweka hata picha yake: treni inapinda juu angani, na watu ndani yake wametoa macho kama wamesahau kitu jikoni.

Unakumbuka mara ya mwisho tulipokwenda? Punje alikuwa bado wa kubebwa. Ulimsimamisha pale mlangoni kwa Joka, chini ya yule Askari wa Mbao aliyenyoosha mkono, ukamwambia mtoto ambaye hata meno hana, "Siku kichwa chako kikigusa mkono huu, mimi na wewe tunapanda pamoja, kiti cha mbele." Na kila ukija likizo unamsimulia tena. Sasa ndiyo imekuwa imani yake. Watoto wengine wanataka kuwa marubani, wa kwako anataka kuufikia mkono wa askari.

Tangu siku ile tumekuwa tukisema mwaka ujao, mwaka ujao. Mara paa, mara ada, mara daraja lenu. Mwaka huu nimechoka kusema. Ukipata likizo yako ya Agosti, tunakwenda sote wanne, na mama yangu ndani. Niandikie upesi kabla sijawaambia, maana nikishawaambia hakuna wa kuwazuia.

Mkeo,
Mama Punje

12 Juni

Mama Punje, mke wangu,

Barua imenikuta juu ya jukwaa, nondo mkononi. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na wenzangu wote sasa wanajua habari za kitunguu.

Tunakwenda. Msimamizi ameshanipa likizo ya Agosti na nimemwomba aseme mbele ya mashahidi. Panga unavyojua wewe, ila kiti cha mbele ni changu na Punje, hilo halijadiliwi. Mama mkwe apewe vikombe vya kuzunguka, lakini asimfundishe mwendeshaji kazi yake.

Jambo moja la maana. Siku hizi wale watu wa Bustani hawacheki na mtu. Jamaa mmoja hapa alipeleka wanawe mwezi uliopita, anasema ule mkono wa askari uko sentimita mia moja na ishirini kutoka chini, na mtoto akipita chini yake bila kuugusa anarudishwa, hata alie vipi. Mpime Punje uniambie. Usimwambie kwa nini unampima.

Shati ulilonishonea limefika, asante sana. Kitambaa kizuri, mshono hauna kasoro. Ila mikono inanifika vidoleni, na mabega yanamtafuta mwenyewe. Mpishi ameniuliza nimeliazima kwa nani. Nimelikunja mikono na nalivaa kwa fahari.

Mumeo

20 Juni

Baba Punje,

Nimempima. Nilimdanganya kwamba namkatia gauni, akasimama wima mpaka shingo ikatetemeka. Mia moja na kumi na saba. Nikampima tena. Mia moja na kumi na saba. Mama yangu akasema nimpime bila kumminya kichwa, nikampima mara ya tatu, yale yale. Nimekaa nyuma ya cherehani nikajifanya natafuta sindano, maana machozi yalikuwa karibu.

Tulimwita Punje kwa utani alipozaliwa, kadogo kama punje ya mchele. Laiti ningejua ningemwita Mlingoti.

Hajui. Nimemwambia tu kwamba tunakwenda Bustani, na tangu hapo nyumba haina amani. Anajining'iniza kwenye fremu ya mlango asubuhi na jioni. Amesikia mahali kwamba maharage yanarefusha, basi anakula maharage kama amelipwa. Bibi yake anamtia moyo.

Na wewe umenitia wasiwasi. Lile shati nililikata kwa vipimo ulivyoniandikia mwenyewe, sikuongeza hata uzi. Kama linakupwaya basi umekonda. Unakula huko au unawaangalia wenzako wakila? La mwaka jana pia ulisema ni kubwa. Usinifiche.

Kazi ipo. Nimeshona mapazia ya ukumbi wa shule, na sasa wanalalamika yanafagia sakafu. Vipimo alinipa seremala wao, kwa maandishi yake. Nimewaambia wakamuulize seremala, mimi tepu yangu ni ya mama yangu, imeshona nusu ya mji huu na hakuna aliyerudisha nguo.

Sasa tufanyeje kuhusu Punje?

Mama Punje

28 Juni

Mke wangu,

Sijakonda. Nimeongezeka, muulize dereva, juzi ilibidi anisukume ndani ndipo afunge mlango wa lori kwa bega.

Habari ya Punje imeninyong'onyesha. Nimeifikiria siku nzima nikifunga nondo, na nimefika mahali ambapo hutapapenda. Kule kwenye Joka mtoto anashikiliwa na chuma cha kufunga kifuani. Mkono wa askari haukuwekwa pale kwa ubaya. Mimi ni fundi, najua kipimo kinawekwa kwa nini. Kama hajafika, hajafika. Labda tuahirishe mpaka mwakani, twende akiwa ameufikia kweli, kuliko kumsafirisha njia yote ile aje arudishwe mlangoni mbele ya watu. Hilo la kurudishwa ndilo siliwezi. Afadhali anichukie mimi huku mbali.

Nina ombi. Mkatie utepe wa kitambaa, kuanzia unyayo mpaka utosi, urefu wake hasa, unitumie. Nautaka ukutani kando ya kitanda changu. Niliondoka akiwa ananifika hapa kwenye mkanda na sasa hata sijui ananifika wapi.

Mumeo

5 Julai

Kwa Baba mpendwa,

Mama ananiandikisha barua hii ili nifanye mazoezi ya mwandiko, lakini ametoka kwenda kugombana na seremala kwa hiyo naandika ninachotaka.

Utepe wangu ndio huu. Nililala sakafuni, Bibi akashika huku, Mama akashika kule, wakakata. Rangi ya njano nimechagua mimi.

Baba, mimi najua. Nilikuwa nimeshaona kwenye tepu, mimi nasoma namba vizuri kuliko wote darasani ukitoa mmoja. Wao wanadhani sijui kwa hiyo nami najifanya sijui, maana Mama anafurahi hivyo.

Na nimesikia Mama akimwambia Bibi umesema labda mwakani. Baba, kila mwaka ni mwakani. Mwakani nitakuwa mkubwa. Huenda nitataka kukaa kiti cha mbele na rafiki zangu na siyo na wewe. Sijui. Sasa hivi nataka na wewe.

Mama amesema nisikuambie kuhusu viatu, kwa hiyo sikuambii kuhusu viatu.

Bibi anakusalimu. Anasema kule darajani mjifunike vichwa.

Mwanao,
Punje

13 Julai

Mke wangu,

Mtoto wako amenivunja mbavu na kunivunja moyo kwenye karatasi moja. Umemlea vizuri mno.

Kwanza viatu. Sijui ni viatu gani na sitaki kujua soli zake zina unene gani. Mrudishie fundi viatu vyake. Punje hapandi Joka juu ya soli.

Pili, na hili naliandika kwa upole. Utepe umefika, nimeutundika, na kabla ya kuutundika nimeupima kwa tepu ya kazini, ile ya chuma. Mia moja na ishirini na moja. Mama Punje, wewe umeniambia mia moja na kumi na saba, umempima mara tatu. Najua ulichofanya na najua kwa nini. Uliona nimekata tamaa, ukaongeza kipande ili nilale vizuri na niseme ndiyo. Ni moyo mzuri. Lakini nilitaka urefu wa mwanangu, siyo urefu wa kunibembeleza. Nimeushusha ukutani. Nitumie wa kweli.

Mumeo akupendaye

20 Julai

Baba Punje,

Sijaongeza kitu.

Nimekata vitambaa tangu nikiwa na umri wa Punje. Naweza kukuongezea chumvi kwenye hadithi, naweza kukuambia mboga imeisha kumbe nimeficha ya kesho, lakini kwenye mkasi sidanganyi. Mama yangu alishika unyayo, mimi nilishika utosi, tulikata. Kama huniamini mimi, huyo ni mama mkwe wako, mwandikie umwambie ni mwongo.

Labda tepu yenu ndiyo mbovu. Mnajenga nayo daraja? Nitapita kwa kuzunguka.

Viatu vimerudishwa.

Mwenye mkasi

21 Julai

Kwa Baba,

Hii barua nimempa dereva mwenyewe. Mama amenuna. Anapiga cherehani kwa nguvu mpaka Bibi amehamia chumba cha nyuma. Mapazia ya shule yamerudi yote. Seremala alikuja na tepu ya chuma kama yako akapima dirisha mbele ya Mama, na kipimo kilikuwa kile kile alichoandika. Mama akapima pazia kwa tepu yake, nalo likawa kile kile. Halafu walilitundika pazia dirishani, likafagia sakafu. Wote wawili waliinama kuangalia pindo. Halafu Mama akasema dirisha limepinda.

Mimi nimeliangalia dirisha, halijapinda.

Baba, utepe wangu upo ukutani?

Punje

28 Julai

Mke wangu, mwenye mkasi, mwenye haki,

Upo ukutani. Mwambie Punje kwanza hilo, kabla hujasoma mbele.

Sasa kaa chini. Mama mkwe naye akae, lakini usimsomee mpaka umalize mwenyewe, maana nataka kurudi nyumba yenye mlango wazi.

Nimelivua shati nikalilaza kwenye meza ya mpishi. Mimi nilikuandikia vipimo vyangu kwa tepu ya chuma. Nimelipima kila mahali kwa tepu ile ile, na kila mahali limezidi kidogo, mikono imezidi, mgongo umezidi, kwa uwiano ule ule. Mapazia seremala alipima kwa chuma, wewe ukakata kwa tepu yako, yakazidi. Punje ulimpima kwa tepu yako akapungua, nami nikapima utepe wake kwa chuma akaongezeka. Wewe hukuongeza kitu. Nisamehe. Ni tepu. Imevutika. Namba zimeachana, kila sentimita yake ni kubwa kuliko sentimita ya watu.

Najua utasema mbona wateja hawalalamiki. Kwa sababu wateja wa hapo unawapima kwa tepu hiyo na unawakatia kwa tepu hiyo hiyo, kosa linajila lenyewe na nguo inakaa. Anayepwaya ni yule tu anayekutumia namba kutoka mbali. Yaani mimi na ukumbi wa shule.

Miaka yote hii wewe unadhani nakonda, na mimi nadhani unanishonea makubwa ili kunisema kwamba sili.

Nenda dukani, chukua tepu mpya, mpime mtoto. Nitakaa hapa nikisubiri lori kama mchumba kweli.

Mumeo

5 Agosti

Baba Punje,

Nilipoimaliza barua yako nilikasirika tena, nataka ujue hivyo. Ile tepu mama yangu alinivisha shingoni siku aliponiachia cherehani. Siigusi na mikono michafu. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikuandikie maneno makali.

Basi nikamsomea mama, nikitegemea awe upande wangu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Hiyo tepu? Si ndiyo niliyofungia godoro?"

Nikamwuliza godoro gani.

"Tulipohama. Kamba ilikatika njiani, nikafungia tepu. Ilivuta vizuri sana. Baadaye nikawa naanikia nguo."

Mume wangu, nimekuwa nikiiheshimu tepu ile kuliko vyombo vya wageni. Na mwenyewe alikuwa anaanikia nguo. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, Punje akaja kuangalia nani anakufa.

Tukaenda dukani wote watatu, hata kufuli tulisahau. Mwenye duka akafungua tepu mpya mbele yetu, Punje akavua viatu bila kuambiwa, akasimama kwenye ukuta wa duka kati ya vifungo na zipu, macho ameyafumba. Mama yangu akasema usimminye kichwa. Sikumminya.

Mia moja na ishirini na moja.

Nilimwonyesha tu ile namba kwa kidole. Aliiangalia, akaniangalia, akasema, "Basi Baba hana la kusema." Halafu akaanza kulia, mtoto ambaye hakulia wiki zote zile, kumbe alikuwa akijua hajafika.

Seremala nimempelekea mapazia yaliyopunguzwa, na nimekiri dirisha halijapinda. Alikuwa muungwana, alicheka baada ya mimi kugeuka.

Njoo. Njoo na shati lako nilipunguze. Tiketi zetu zimeshapangwa, chakula cha njiani najua mwenyewe, na mama anataka kukaa dirishani.

Mkeo, asiyedanganya kwenye mkasi

30 Agosti

Kwa Baba,

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Mama ameniambia nisiandike kwamba alilia kituoni, kwa hiyo siandiki.

Nimewasimulia darasani yote. Nimewaambia yule dada wa mlangoni alivyonisimamisha chini ya Askari wa Mbao na kichwa changu kikaugusa mkono, tena siyo nywele, kichwa. Nimewaambia wewe ulikuwa umeshika pumzi mpaka akauliza kama unaumwa. Mwalimu akauliza Joka lilikuwaje. Nikasema wakati wa kupanda Baba alinieleza kila boriti na kazi yake, na wakati wa kushuka alinishika mkono akaita mama yake. Darasa lilicheka sana. Nilisema baba yangu anapanda daraja refu kila siku na haogopi, ila kule hakuna mtu anayelivuta daraja kwa kasi.

Mimi sikuogopa. Niliogopa kidogo tu pale juu kabisa liliposimama, lakini nilikuangalia, nikaona wewe unaogopa zaidi, nikapata nguvu.

Bibi bado anasema mwendeshaji wa vikombe alikuwa anazungusha kinyume. Anasema alimwelekeza na yule akashukuru. Hakushukuru, Baba, mimi nilimwona.

Jana jioni Mama alitaka kuitupa tepu ya zamani. Bibi akasema itupwe tu, mimi nikasema hapana. Nimeiomba, sasa ni yangu, iko chini ya mto wangu. Leo asubuhi nimejipima nayo mwenyewe kwenye fremu ya mlango, bila viatu, bila kujining'iniza. Baba, sikiliza vizuri. Kwa tepu ya Bibi, mimi bado ni mia moja na kumi na saba na nusu. Bado sijaufikia mkono wa askari. Na wewe uliahidi tutapanda siku nitakapoufikia, na ahadi ni lazima itimizwe kwa tepu zote.

Kwa hiyo mwaka ujao uje.

Mwanao,
Punje